Dawa ya Zamu

Keshero, Goma
Tarehe 9 Novemba 2025

Mpendwa Mjomba Djibril,

Asalaam aleikum. Kabla ya lolote nakujulia hali. Goti lako linaendeleaje huko Kasongo, limekubali kuinama kwenye swala au bado linabishana nawe? Mama Alima na wajukuu wote wazima? Mpunga wa mwaka huu umekuwaje? Naomba barua hii ikukute umekula, umevaa miwani yako na uko peke yako, kwa sababu yaliyomo si ya kusomewa na wajukuu.

Sisi huku tunapumua, Alhamdulillahi. Ndege bado hazitui, ndiyo maana barua anakuletea Jumaine, jirani yetu mfanyabiashara, kwa ile njia ndefu ya kuzunguka Uganda. Nimekupigia mara nyingi nikiwa barabarani, simu yako haipatikani. Nyumbani siwezi kuzungumza. Kuta zetu ni za mbao, na ninayetaka kumzungumzia analala upande wa pili wa mbao.

Mjomba, naogopa. Sitazunguka mbuyu. Ni Mama.

Wewe ni mmoja wa wachache wanaojua ugonjwa tuliobaki nao Baba alipofariki. Ulisema mwenyewe pale msibani kwamba dada yako Furaha hatamaliza mwaka. Akaumaliza huo na mingine baada yake. Alikunywa dawa za ukimwi kila jioni, akanenepa, akauza visamaki vyake vya sambaza kando ya ziwa na kugombana na wateja kama ilivyo desturi yake. Mimi nilifika mahali pa kusahau kwamba mama yangu ni mgonjwa.

Baada ya Idi kubwa akaanza kukonda. Kwanza zilimpwaya nguo, kisha pete ikawa inamwanguka ndani ya beseni la samaki. Ukaja utando mweupe mdomoni, hata chai ikawa inamchoma. Kikohozi ndicho kilichonishtua zaidi. Nilimpeleka kwenye kituo cha afya anakochukulia dawa, wakamtoa damu, na muuguzi mmoja mpole anayeitwa Gradi akatukalisha kutupa majibu.

Gradi alieleza kwamba ndani ya damu kuna chembe nyeupe zinazoulinda mwili, na kwamba yeye huziita basoda, yaani askari, ili watu waelewe. Nadhani alisahau anazungumza na watu wa Goma. Mama kusikia basoda tu, akakumbatia mkoba wake. Akamjibu kwamba askari anawajua vizuri, risasi ya kwanza wanavua magwanda na kuomba nguo za kiraia. Hata Gradi alicheka. Mimi pia nilicheka, na sijacheka tena tangu hapo.

Maana akatuambia kwamba hawa wa ndani ya damu hawakimbii, wanakufa walipo. Kirusi kinawafuata hasa wale wanaotoa amri, wanaitwa CD4. Kinajipenyeza ndani ya chembe, kinaitumia kuzaa virusi vingine vingi, kisha chembe inakufa na vile vilivyozaliwa vinatoka kutafuta nyingine. Makamanda wakipungua, walinzi waliobaki hawana wa kuwaambia adui yuko wapi. Hapo hata kikohozi ambacho mimi na wewe tungekitibu kwa limau kinaweza kumchukua mtu. Mtu mzima mwenye afya, katika tone dogo sana la damu, anakuwa na CD4 zaidi ya mia tano. Za Mama hazifiki mia.

Tangu siku ile sina amani. Akilala mchana nasogea taratibu kuangalia kama kifua kinapanda. Akikohoa, naacha ninachofanya na kusubiri aache.

Gradi alimwuliza kama huwa anaruka dawa. Aliuliza kwa heshima, lakini Mama alikasirika. Nakuandikia jibu lake kama lilivyotoka.

“Mi sijakosaka hata zamu yangu moya.”

Gradi hakuelewa. Mimi nilielewa.

Unakumbuka zamu za Baba. Alikuwa na nyumba mbili, hii yetu na ile ya mke mdogo, Bibiche, kule Mugunga. Siku mbili alilala huku, siku mbili kule, na kwa dereva wa lori alikuwa mwaminifu wa kushangaza. Basi vita vilipofika Mugunga, Bibiche alikimbilia kwetu na watoto na sufuria moja. Yeye naye anaumwa kama Mama. Dawa zake zilibaki ndani, na nyumba ikaporwa. Mama alikuwa na akiba ya miezi. Unajua alifanya nini? Alizirudisha zamu za Baba. Siku mbili anakunywa Mama, siku mbili anakunywa Bibiche. Watu husema wake wenza hawapikiki chungu kimoja. Hawa wangu wamepikika hadi wanagawana kifo.

Nilimweleza Gradi yote palepale. Akasema kwamba siku ambazo dawa haimo mwilini kirusi kinaendelea kuzaana, na kwa kuionja dawa nusunusu kinaizoea hadi haikiwezi tena. Kwa hiyo huko kugawana hakumwokoi yeyote kati yao. Alimpa Mama dawa za aina nyingine, akasema Bibiche naye aje, hata kama hana karatasi yoyote, atapimwa na kupewa zake.

Lakini Bibiche haendi. Anayegawa nambari mlangoni pa kituo ni mke wa kaka yake, na unajua jinsi ndugu zake wa Rutshuru walivyomtenga alipoolewa na Mwislamu. Wakijua na hili, anasema, hata kumzika hawatakuja. Gradi amekubali kumpitisha mlango wa nyuma. Kila asubuhi Bibiche anasema sawa, twende, na kila asubuhi mtoto wake mmoja anapata homa.

Na Mama, Mjomba, hata dawa mpya ameanza kuzigawa. Nimelia. Nimemgombeza mama yangu mzazi. Nilificha boksi ndani ya mchele, akalipata. Kisha akaniita na kuniambia hivi:

“Nilishaapa mbele ya kaka yangu. Kila kitu kinaingia mu hii nyumba, tunagawanya. Nikikunywa yote miye peke yangu, Bibiche nitamuangalia na macho gani?”

Kaka huyo ni wewe. Siku ya ndoa ya Bibiche uliwalisha wote wawili wali kwenye sahani moja, ukawaapisha kwamba kitakachoingia mkononi mwa mmoja ni cha wote. Kutoa ni moyo, najua, lakini wewe ulikuwa unazungumzia sukari na vitenge. Kiapo ulichokifunga wewe siwezi kukifungua mimi. Kwa Mama mimi ni mtoto tu, na Gradi naye ni mtoto.

Nakuomba uzungumze ndani ya simu ya Jumaine. Ataituma sauti yako akifika Kindu penye mtandao. Mwambie Mama kwamba dawa haikuwamo kwenye sahani ile. Mtaje na Bibiche kwa jina lake, umwambie kwamba ukoo wake ni sisi, kwa hiyo aende kituoni bila kuwahofu wa Rutshuru. Usiwe mkali. Sema kama ulivyosema siku ile ya wali, wote wawili bado wanaikumbuka sauti hiyo. Na usichelewe, Mjomba, maji yamenifika shingoni.

Nisalimie Mama Alima na wajukuu wote. Mama hajui ninachokuandikia, anadhani nakuomba mchele. Mungu akuongezee umri, akulindie na sauti yako.

Wako akupendaye,
Sumaya

Nimeifungua tena bahasha. Mama amekuja kuhakikisha kwamba nimekusalimia kwa niaba yao wote wawili, na kikohozi kimemkata katikati ya maneno. Nimemwuliza kama amekunywa dawa. Amesema leo ni zamu ya Bibiche.