Leseni ya Picha za Macalder

Homa Bay, Jumanne, 14 Septemba 1999

Hilo neno leseni bado linaniudhi, ingawa nimecheka pia.

Nilipeleka diski yenye picha zangu za akina mama wanaoosha dhahabu kwenye machimbo ya Macalder, ziwekwe kwenye tovuti moja ya bure. Omondi, mwenye ofisi ya kompyuta, alipitisha macho kwenye masharti akafurahi. "Madam, kuna leseni ya bure hapa. Bonyeza tu nakubali."

Alidhani ni kama ile ya biashara ninayopewa na kanjo, watu wa baraza la mji, na kuibandika ukutani studio. Nikasoma mwenyewe, polepole. Picha zinabaki zangu, sawa. Lakini mimi ndiye ninayewapa wenye tovuti leseni: wazitumie, wazikate, wawauzie wengine, milele, bila kuniuliza.

Na Dani Akech, yule nyanya aliyekubali nimpige picha akiosha dhahabu, aliniomba kitu kimoja tu. Sura yake isiuze sabuni ya mtu.

Sikubonyeza. Naogopa kidogo kwamba hazitaonekana popote, lakini hilo nitalitafutia njia nyingine.

"Nani hukataa leseni, Madam?" Omondi aliniuliza.

Nikachukua diski yangu. Nikamwambia kwa hizi picha, kanjo ni mimi.