Zohaib Hagandi Tena

Jumamosi, 4 Mei 2024
Waposaji wamepiga simu ya video kutoka mji wa Sukkur. Mama mtu na kijana wake Zohaib, fundi wa pampu za maji. Wanamtaka binti yangu Tehmina. Dakika ya tatu kompyuta yetu ikaganda — Zohaib kajaa kioo kizima, jicho moja limefumba, sambusa nusu mdomoni. Mke wangu Farkhanda aliendelea kumsalimia. Kumbe anasalimia picha!
Nikasema kijana mlafi. Tehmina akasema kosa si la kijana, ni la prosesa, ubongo wa kompyuta.

Jumapili, 5 Mei
Tehmina kanieleza. Mtandao hauna neno. Ila prosesa yetu ya zamani ina kiini kimoja tu, kazi zote zinapanga foleni kwake. Za siku hizi zina vinne, sita, hata vinane, zinagawana kazi. "Baba, ni kama mwalimu mmoja kukimbilia madarasa manane."
Nikamwambia nimefundisha jiografia madarasa matatu kwa wakati mmoja, hapa hapa Multan, na hakuna aliyeganda.
"Walikuwa wanaruka ukuta, Baba. Shangazi alikuwa mmoja wao."

Jumatano, 8 Mei
Simu ya pili. Naandika kwa sababu hakuna atakayesoma: kabla hawajapiga nilifungua mechi tatu za kriketi, nikazificha nyuma ya kila kitu, nikawasha na ukaguzi wa virusi. Salamu hazijaisha — kwisha! Kompyuta ikanguruma kama mashine ya kusaga, ikazima.
Farkhanda akasema labda ni ishara. Nikatikisa kichwa kwa masikitiko. Niliigiza vizuri.
Sukkur ni mbali. Na lile joto lake! Nani atabishana nami asubuhi juu ya gazeti? Basi. Sitaki kuliandika hili.

Ijumaa, 10 Mei
Tehmina kanunua kompyuta mpya kwa mshahara wake wa maabara. Viini vinane. Nilikataa chai. Baadaye nikainywa ikiwa imepoa.

Jumamosi, 11 Mei
Nimeijaribu. Mechi tatu. Ramani ishirini za mito. Ukaguzi wa virusi. Farkhanda akafungulia na mawaidha yake, Tehmina akachapa ripoti. Vyote pamoja! Wala haikuhema. Karatasi ilitoka kabla sijainuka kitini. Lazima nikiri, ni kitu kizuri. Kizuri mno.

Jumapili, 12 Mei
Simu ya tatu, baada ya chakula cha mchana. Nilikuwa nimefungua kila kitu tena, hata video ya harusi ya shangazi mtu. Wapi! Picha safi kama maji ya chupa. Nimemwona Zohaib vizuri kwa mara ya kwanza. Ana alama za tetekuwanga. Alimuuliza Tehmina habari za maabara, akanyamaza kusikiliza jibu — lote. Mama yake alipodakia, akasema, "Mama, ngoja amalize." Nilitafuta kasoro, sikuiona.
Ndipo Tehmina akataka kumwonyesha picha ya hadubini yake ya maabara. Akalisogeza dirisha la simu pembeni. Mechi. Mechi. Mechi. Mito ya dunia nzima. Harusi.
Akanigeukia.
"Baba. Na Jumatano ilikuwa wewe?"
"Ya Allah, baba Tehmina!" — Farkhanda huyo.
"Hutaki niende?"
Nikakitazama kioo, nikakiombea kigande. Hakikuganda. Zohaib anapepesa macho, mama yake kikombe kiko hewani. Wamesikia kila kitu, wote wawili!
Nikasema naenda msalani.
Ndiko niliko. Daftari lilikuwa mfukoni. Tehmina anagonga, taratibu.
"Baba, Zohaib anasema hakati simu mpaka utoke."
"Sijamaliza."
"Tunakusikia ukiandika."
Halafu sauti ya kijana kutoka mezani, haikatiki hata kidogo: "Mwalimu, shikamoo. Hata huko Multan kuna pampu za maji za kutengeneza."
Mama yake kasema jambo kwa ukali. Nimelisikia, neno kwa neno. Kijana kamjibu kwa upole. Jibu nalo nimelisikia.
Nimeshika kitasa kwa mkono wa kushoto. Wa kulia bado unaandika —