Duara la Mtu Mmoja

Soitsambu, Loliondo
Jumamosi jioni

Baba Veronika, mume wangu,

Salamu nyingi kutoka huku kwenye vumbi. Hujambo? Veronika hajambo? Kifua cha mama mkwe kimetulia, au bado anakohoa na kugoma kwenda zahanati? Mimi ni mzima wa mwili. Ng'ombe wa Soitsambu wananijua kuliko mtoto wangu. Nimeandika kwa sababu simu hushika kule kilimani tu, na kilimani kila mtu anasikiliza. Barua hii atakuletea Fabiano, yule mwenye duka la dawa za mifugo Karatu, aliyekuja mkutanoni.

Nianze na swali lako, maana najua ndilo unalolitafuta: uhamisho haujatoka. Mkuu wangu hakatai, angekataa ningejua pa kugombana. Anacheka tu. "Daktari, mimi sina neno na wewe. Nipe mtu wa kuushika huu mkutano wako, kesho napitisha barua uende kwa mumeo." Januari Veronika anaanza darasa la kwanza, na nilimwahidi nitampeleka mimi.

Mkutano wenyewe unaujua, wewe ndiye uliyeuita kikao cha wasio na kazi. Niliuanza kwa upweke, nikiwaita maafisa mifugo wenzangu watatu tuongee tu. Sasa wanakuja hadi wa Karatu, wanavuka Ngorongoro nzima bila kulipwa posho. Hakuna mgeni rasmi, hakuna meza kuu, hakuna ratiba. Asubuhi mwenye jambo analiandika kwenye karatasi, anaibandika ukutani, anachagua kona ya darasa, anapanga viti duara. Anayetaka anakwenda kukaa naye. Na ukiona hujifunzi wala huchangii, unanyanyuka unahamia duara jingine, na hakuna kununa.

Mwanzoni hilo la kunyanyuka liliwashinda. Nani atampa mzee kisogo akiwa anaongea? Mwaka wa kwanza mzee mmoja alisimulia habari za madume yake mpaka chai ikapoa, na watu wote wamekaa wanaitikia. Nikasimama mimi, nikamwomba radhi, nikahama. Ndipo na wengine wakathubutu. Yaani kuondoka niliwafundisha mimi.

Leo nikabandika karatasi yangu katikati ya zile za ugonjwa wa ndigana na za dawa feki za kupe: "Nani ataushika mkutano huu nikihamia Karatu?" Nikapanga viti kwenye kona ya dirishani, nikakaa. Nikasubiri. Duara la kupe lilijaa, wengine wamesimama, wanacheka mpaka najisikia mgeni kwenye shughuli yangu. Kwangu hakuja mtu.

Mwishowe akasogea Mzee Lemayan, yule mchanjaji wetu wa zamani niliyekwambia hunitafutia maziwa. Akasoma karatasi, akaangalia viti.

"Daktari, hapa ndipo anatafutwa wa kuchukua nafasi yako?"

"Ndipo, mzee wangu. Karibu ukae."

"Hapana, mimi sikai. Nikikaa utaondoka."

Akaniinamia kidogo, akaenda zake kwenye duara la kupe. Ningeweza kumchukia, lakini ningeanzia wapi?

Jioni kila duara linasema limeazimia nini, na kwa utaratibu wetu waliofika ndio waliotakiwa, hatumsubiri mwingine. Zamu yangu ikafika. Nikasimama mbele ya mkuu wangu, naye kakaa kwenye kiti cha plastiki kama wenzake. Nikasema, "Duara langu lilikuwa na mtu mmoja. Limeazimia kwa kauli moja kwamba mtu huyo aende nyumbani kwake."

Walicheka, Baba Veronika! Kuna waliofuta machozi. Mkuu akasimama, "Mnaona? Mtu kama huyu nimpeleke wapi?" Wakapiga makofi. Na mimi nikacheka, ningefanyaje? Nimelia baadaye, wakati narudisha viti kanisani tulikoviazima. Nililia kwa hasira. Nimenaswa, na mtego nimeutega mwenyewe.

Kesho asubuhi gari la kina Fabiano linarudi Karatu na lina nafasi moja. Ameniambia mara mbili, mara ya pili hakunitazama usoni. Lakini nikipanda bila barua nitaitwa mtoro kazini, nikose mshahara, na vitunguu vya Mang'ola unajua mwenyewe vilivyotutia hasara msimu huu. Kwa hiyo kwenye nafasi hiyo nitaweka debe la asali ya mama mkwe kwa ajili ya kifua.

Msalimie sana mama. Msalimie shemeji Daniel, asilale kwenye pampu ya maji. Dada yangu Theresia kule Baray mwambie sare ya Veronika aishone yeye, asinisubiri.

Na Veronika akiuliza nakuja lini, usimtajie siku. Mwambie mama aliomba kurudi nyumbani mbele ya watu wote, wakampigia makofi.

Ni mimi mkeo,
Mama Veronika