Jino Nililolipasua Usingizini

Jumanne jioni. Hapa Bungoma mvua imenyesha tangu mchana.

Leo nimeona ndani ya taya langu.

Mnaosoma blogu hii mnalijua jino hili la nyuma. Lilitolewa mshipa na kuzibwa miaka mingi iliyopita. Mwaka huu limekuwa likiniuma nikitafuna, na kipele cha usaha kinatokea kwenye ufizi, kinapasuka, kinarudi. Nilipigwa eksirei hapa mjini, picha ikawa safi. Nikarudia, safi tena. Nikaanza kudhani ni akili yangu. Mwishowe daktari akanituma Kitale, kwenye mashine inayopiga picha ya pande zote.

Nilisimama nikiuma kijiti cha plastiki, mashine ikanizunguka kichwa. Haikuuma hata kidogo. Kisha daktari wa huko, dada mpole, akaligeuza jino langu kwenye kompyuta kama mtu anayegeuza kiazi akitafuta palipooza. Akaniambia eksirei ya kawaida ni bapa, upande mmoja wa mzizi huficha mwingine. Hapa hakukuwa na maficho. Ufa mwembamba umeshuka kwenye mzizi, na kando yake kuna weusi: mfupa ulioliwa na usaha. Ufa huo hauungiki. Jino litang'olewa Ijumaa.

Hilo ningelimeza. Lakini akauliza kama nilianguka, au kama kuna mtu alinipiga. Nikasema hapana. Akayatazama meno mengine, akanionyesha kwa kioo yalivyosagika.

"Mama, nafikiri unasaga meno ukilala. Jino lililozibwa halivumilii hiyo. Nyumbani hawajakuambia?"

Nikajibu hakuna aliyeniambia. Nilikasirika kidogo, kusema ukweli.

Nimerudi nikamsimulia Baba Sharon, mume wangu, kama kichekesho. Hakucheka. Aliweka kikombe chini.

"Unasaga," akasema. "Tangu tumzike mama yako. Karibu kila usiku."

Nikamuuliza mbona hakuniambia.

"Mchana ulikuwa unaonekana sawa. Niliogopa kukugusa hapo."

Mimi ndiye kifungua mimba kwetu. Mazishi kule Sirisia niliyapanga mimi: hema, chakula, wageni wa kulala. Sikulia. Wadogo zangu walilia, mimi nikawashika. Mpaka leo kanisani wananisifu, ati huyu mama amekaza moyo.

Kumbe nilikuwa nakaza meno.

Miezi yote hii nimekuwa nikitafuta ni nani wa kulaumiwa, yule aliyeziba, mahindi ya kuchoma, uzee. Na ni mimi, kwa nguvu zangu mwenyewe, nimelala.

Nimemwomba Baba Sharon leo akinisikia aniamshe. Amekubali, ingawa namwona ana wasiwasi. Mimi pia ninao.

Akiniamsha, nitaanzia wapi kumlilia mama?