Ile Opel ya Babu Yako Haikuharibika

Waldweg 14,
Rüsselsheim,
Ujerumani.

Jumanne, 2 Aprili 2019

Mpendwa mjukuu wangu Falk,

Marahaba. Nakupa ya bure, maana shikamoo yako sikuiona kwenye ile kadi ya kangaruu uliyonitumia kutoka Australia. Hujambo lakini? Mkeo Bronwyn hajambo? Na kitukuu changu Tilda, kikohozi kimemwacha? Mpakeni mafuta ya bata bukini kifuani, mumfunge kitambaa cha sufu, na msianze kuniambia daktari kasema nini.

Mimi ni mzima. Goti la kushoto linanisumbua kwenye ngazi, la kulia halina neno. Shule niliacha nina miaka kumi na minne, kwa hiyo mwandiko huu usome ulivyo na usinicheke. Mwenye shahada ni wewe, na hata kadi ilikushinda kuijaza.

Sasa tuje kwenye lililonikalisha chini. Binamu yako Svenja amenionyesha kwenye simu yake maneno uliyoandika chini ya picha ya harusi yake. Umeandika, "Masikini Opel ya Babu, imevutwa kama kawaida." Halafu ukaweka vile vijisura vinavyocheka mpaka kutoa machozi. Vitatu! Falk, ile gari haikuharibika. Iliwaka ufunguo ulipozungushwa mara ya kwanza, na nje kulikuwa na baridi.

Tena wewe ndiye wa kunyamaza kabisa. Krismasi ulijisifu kwamba umenunua Commodore mpya, gari halisi la Kiaustralia, na nembo ya simba mbele. Mjinga wewe. Hiyo Commodore yako imeundwa hapa hapa Rüsselsheim. Nikienda kununua mkate nalipita lango ilikotokea. Walichofanya ni kuibandika simba na kuipakia melini. Umekalia Opel, unacheka Opel.

Haya, nikueleze ilivyokuwa.

Mwezi wa Januari wakwe walikuja kunywa kahawa. Baba yake bwana harusi, Marius, ni Bwana Eugen Bäuerle, mtu wa Sindelfingen. Amefanya kazi kwa Daimler, wale wanaounda Mercedes, miaka thelathini na minane, na ukikaa naye dakika kumi utakuwa umeshaambiwa mara tatu. Alikuja na Mercedes nyeusi inayong'aa hivi kwamba paka wa jirani alijiona ubavuni mwake akakimbia. Nikaweka keki ya tufaha mezani. Hajamaliza kipande cha kwanza, akatangaza kwamba bibi harusi atapelekwa ofisi ya ndoa kwa Mercedes yake, na mambo yameisha.

Nikamwambia hayajaisha. Svenja atakwenda kwa Opel Rekord ya babu yako Ottmar, ile ya mwaka sabini na nane, ya rangi ya haradali. Babu yako alimwahidi tangu akiwa na miaka sita kwamba siku ya harusi yake atampeleka kwa gari lile. Novemba babu yako akatutoka. Lakini gari halikwenda naye, na mimi leseni ninayo.

Bwana Bäuerle akacheka. Akakiimba kile kiwimbo chao, unakijua, kinachofananisha jina la Opel na kamasi kavu. Kwenye meza yangu! Na keki yangu mdomoni!

Miaka ya tisini nilivumilia vichekesho vyote vya yule kijana wa Opel Manta, eti kafunga mkia wa mbweha kwenye antena na kichwani hana kitu. Siku ile nilichoka kuvumilia.

"Bwana Bäuerle," nikamwambia, "hiyo nyota mmeisimamisha puani mwa gari ili dereva ajue mbele ni upande gani?"

"Na ninyi, Bi Diehl, mmechora radi kwenye nembo kwa sababu bila kupigwa na radi haliwaki?"

Shangazi yako Roswitha akanikanyaga mguu chini ya meza. Nikauondoa mguu nikaendelea.

Nilimpa historia yote, na wewe isome, maana naona huko umeisahau. Adam Opel alikuwa mtoto wa fundi makufuli wa mji huu. Cherehani yake ya kwanza aliiunda ndani ya zizi la ng'ombe la mjomba wake, mwaka 1862. Cherehani, Falk, ndiko tulikotoka, na mimi niliyeshona vitambaa vya viti pale kiwandani miaka kumi na tisa sioni aibu yoyote hapo. Kisha zikaja baiskeli, na wanawe watano wakazipanda mashindanoni. Mzee akafa. Unajua walioanza magari ni nani? Mjane wake Sophie na wanawe, mwaka 1899. Mjane! Hakukaa dirishani akisubiri kuhurumiwa.

Halafu mwaka 1911 moto ukakila kiwanda, na cherehani zikaishia hapo. Wakajenga upya. Miaka ya ishirini wakatoa kigari cha kijani, watu wakakiita chura, na chura huyo aliundwa kwenye ule mstari unaotembea wakati Wajerumani wengine bado wanasukumiana vyuma kwa mikono. Wakafunga hata roketi nyuma ya gari. Wamarekani wakatununua, juzi tumeuzwa kwa Wafaransa, na bado tupo. Nikamwambia Bwana Bäuerle, mtu ambaye hajawahi kuchekwa hajui kitu kinachoitwa kudumu.

Akafuta mdomo taratibu. "Yote mazuri, Bi Diehl. Lakini wakati ninyi mnashona suruali, sisi tulikuwa tayari barabarani."

"Na suruali mlizovaa huko barabarani, nani alizishona?"

Marius alicheka mpaka kahawa ikamtokea puani. Tangu siku hiyo nampenda yule kijana.

Lakini Svenja hakucheka. Aliweka uma chini akasema, "Nyamazeni wote wawili. Babu aliniahidi. Nitapanda Opel." Akalia kidogo, akamaliza keki yake. Bwana Bäuerle akakubali kwa midomo iliyobana kama pochi yake. Akasema atafuata nyuma na Mercedes. Nikamwambia nyuma kuna nafasi ya kutosha.

Tarehe niliichagua mimi. Svenja alitaka Mei, nikakataa. Nilisema Jumamosi tarehe thelathini Machi, kwa sababu tarehe hiyo hiyo, Jumamosi vile vile, mwaka 1963, ndipo Ottmar na mimi tulipooana. Nikasema hivyo hivyo mpaka wakachoka kubishana. Ninakuandikia hili kwa sababu nisipoandika mimi, Roswitha atakupigia simu akueleze kwa mbwembwe.

Asubuhi ya siku yenyewe nililitoa gari bandani likiwa limelala tangu vuli. Liliwaka, nimeshakwambia. Nikalisimamisha uani kwangu, tukalifunga maua kwenye boneti na tepe nyeupe kwenye antena. Hata mimi mwenyewe nilitokwa na chozi, nikalisingizia petroli.

Bwana Bäuerle akafika mapema, kama wafikavyo watu wa kwao. Akalizunguka gari, mikono mgongoni, anatafuta kutu. Hakuiona. Akafika nyuma, akasimama. Akainama. Akavaa miwani.

"Bi Diehl, leo ni tarehe ngapi?"

"Thelathini Machi. Siku niliyoolewa."

"Kibao chenu kinasema Aprili."

Falk, na mimi nikainama nikakisoma. Wewe umekaa sana huko, labda umesahau vibao vyetu vya msimu. Pembeni mwa namba kuna tarakimu ndogo mbili, moja juu ya nyingine: nne na kumi. Maana yake gari lina ruhusa ya barabarani kuanzia Aprili mpaka Oktoba tu. Miezi mingine halina bima, na haliruhusiwi hata kuegeshwa mtaani. Ottmar alilisajili hivyo ili alipe kidogo, na kila mwaka yeye ndiye aliyekuwa anahesabu siku. Mimi nilipigania gari miezi mitatu, nikapigania na tarehe, na hivyo viwili havikuwahi kukutana kichwani mwangu. Tulikosa siku mbili.

Roswitha akasema, "Ni siku mbili tu, Mama. Nani ataona?"

Tulimgeukia wote kama mtu aliyesema twende tukaibe benki. Hata Bwana Bäuerle. Nikaona kwa mara ya kwanza kwamba mimi na yule mtu tunaweza kuelewana.

Ndipo Svenja akatokea mlangoni na shela lake. Akatutazama, akakitazama kibao, akaelewa. Akasema, "Basi, haidhuru, Bibi. Nitapanda ya Baba Marius." Lakini papo hapo akageuka upande wa ukuta, akafuta machozi asiharibu wanja.

Sasa nitakuandikia jambo ambalo sikuwahi kulifanya mbele ya mtu wa Daimler. Nilimfuata Bwana Bäuerle mpaka kwenye gari lake. Nyuma ya Mercedes ile kuna ndoano ya kuvutia tela; gari la fahari namna ile, na Jumamosi analitumia kupeleka takataka za bustani jalalani! Siku nyingine ningeangua kicheko. Siku ile nilimwambia, "Bwana Bäuerle, jirani yangu ana tela la kubebea trekta yake. Nakuomba. Tafadhali."

Nilitegemea anichezee kidogo. Ningekuwa mimi, ningemchezea. Yeye alivua koti, akalikunja vizuri, akakunja na mikono ya shati. "Tela lina kamba za kutosha?" aliuliza hivyo tu.

Ndiyo hiyo picha uliyoiona. Mercedes mbele, bibi harusi ndani yake, na nyuma Opel ya babu yako juu ya tela, na maua yake, na tepe zake, imepanda juu kuliko magari yote mjini. Wewe umeona Opel inavutwa. Jicho lako hilo! Angalia tena uone Mercedes imefanywa mchukuzi.

Baada ya ofisi ya ndoa tulikwenda mkahawani kwenye karamu. Ua wa mkahawa ule ni mali ya mtu binafsi, una ukuta na lango, na ndani ya lango kibao cha msimu hakina la kusema. Hilo alilikumbuka Bwana Bäuerle, si mimi. Tukaishusha Opel. Nikakaa kwenye usukani. Svenja akaingia nyuma na Marius, na shela likajaa mpaka kwenye kioo. Bwana Bäuerle ndiye aliyemfungia mlango.

Ule mlango ukaita *tup*. Sauti nzito, laini, mara moja.

Akabaki ameushika. Akaufungua tena, akaufunga tena. *Tup*. "Nani aliyeupachika mlango huu kwenye gari?" akauliza. Nikamwambia ni Ottmar. Kazi yake kiwandani ilikuwa milango, miaka arobaini na moja, na wa kwetu aliurudia mwenyewe mpaka akaridhika. Bwana Bäuerle akatikisa kichwa. "Bi Diehl, nimefanya kazi Daimler miaka thelathini na minane..." Nikadhani sasa anaanza. "...na ningempa huyu mtu kazi siku hiyo hiyo."

Svenja nyuma kule akaanza kulia tena, safari hii kwa sauti, na hakujali wanja. Mimi nikaingiza gia. Tulizunguka ule ua mara saba, honi inalia muda wote, tukapita mapipa ya takataka, mlango wa jikoni, mapipa tena, na wapishi wametoka na miiko yao wanapiga makofi. Mwendo wote haukufika hata nusu kilomita. Svenja akaniinamia sikioni akasema, "Bibi, nimefikishwa." Mimi nikakata kona ya mwisho.

Jioni, juu ya mvinyo wa tufaha, ambao yule mtu anaunywa kama anaadhibiwa, Bwana Bäuerle akaniomba tuitane kwa majina ya kwanza. Wa kuruhusu ni mkubwa, na mkubwa ni mimi kwa miaka tisa. Nikamwambia, "Subiri Aprili."

Jana, saa mbili kamili asubuhi, simu ikalia. Sauti ya Kisindelfingen ikasema, "Bi Diehl, leo ni tarehe mosi."

"Naitwa Irmgard," nikamjibu. "Na umechelewa, Eugen. Mimi nimeshatoka nalo na nimesharudi. Nilikwenda makaburini kumwambia Ottmar kwamba mtu wa Daimler ameusifu mlango wake."

Eugen akauliza, "Akasemaje?"

"Amesema ulichelewa kujua."

Sasa vile vijisura vitatu vifute leo leo, na chini ya picha uandike ukweli, rafiki zako wa huko wausome.

Shangazi yako Roswitha anakusalimu. Svenja na Marius wanakusalimu, na Eugen pia, ameomba nimwingize humu. Nibusie Tilda paji la uso, na Bronwyn mwambie naisubiri picha yake akiwa ameshiba, maana kwenye ya mwisho amekonda. Mungu awatunze barabarani, maana huko mnaendesha upande usio wake.

Mimi ninayekupenda hata kalamu ikikukaripia,

Bibi yako,
Irmgard Diehl