Mtarakwa wa Tatu Kutoka Langoni

Gatongora, Ruiru
Jumapili, 14 Julai 2024

Kwako Baba mpendwa,

Pokea salamu nyingi kutoka nyumbani kwako. Mguu unaendeleaje? Kaka Eddie ameniambia siku hizi unatembea na fimbo mpaka sokoni hapo Makongeni na kurudi, na kwamba unamgombeza mke wake kwa sababu ya chai nyepesi. Nilicheka sana, nikajua Baba yangu amepona. Sisi huku tu wazima. Waruguru wangu ameng'oka meno mawili ya mbele na bado hanyamazi.

Najua utashangaa naandika barua, na Makongeni si mbali na simu ninayo. Soma tu pole pole, Baba, utaelewa.

Kwanza miti. Ile mitarakwa yako hamsini na miwili imebaki hamsini. Miwili ilikauka kiangazi cha Februari, na iliniuma. Iliyobaki inanifika kifuani, na ya upande wa kisima imenipita. Nafanya vile ulivyonionyesha: napalilia kwa mkono karibu na shina, nyasi kavu naweka kuzunguka lakini zisiguse gome, na maji ni jioni. Juzi upepo ulikuja na hasira zake zote. Agosti iliyopita uling'oa mabati ya banda la kuku na wewe ukiwa juu yake, ukavunjika mguu. Safari hii ulifika kwenye miti ukapungua, na kwa nyanya zangu hakuna hata kijiti kimoja kilichoanguka. Ai, Baba! Nilisimama pale nikicheka peke yangu kama mtu aliyerogwa.

Lakini maji hayo sichoti peke yangu. Usikunje uso: ni Mzee Muema. Kila Jumanne na Ijumaa jirani yako huja na mkokoteni wa mitungi, anamwagilia mstari wote, anaenda zake. Januari ulimpigia simu ukamwambia mbuzi wake amekula jasho lako, na tangu hapo hamjaongea, nyinyi mliokunywa chai pamoja kila Jumapili miaka thelathini. Hakujibu kitu. Alimfunga mbuzi kamba na akaendelea kumwagilia. Sasa Eddie ananiambia umeapa hurudi Gatongora kukaa ua kwa ua na mtu kama huyo.

Baba, hakuwa mbuzi. Nilikuwa mimi.

Tangu nizaliwe hujawahi kukosa kuingia na tawi la mtarakwa begani siku moja kabla ya Krismasi, ukitoka kwenye shamba la kahawa. Desemba iliyopita ulikuwa umelazwa mara ya pili. Waruguru akaniuliza, sasa mti wetu utaletwa na nani? Nilichukua panga nikakata kichwa cha ule wa tatu kutoka langoni, ule uliokuwa umenyooka kuliko yote. Nilijua ni makosa nikiwa bado nimeushika. Nilipokuja kukuona wodini ukauliza miti iko aje kabla hata ya kuuliza mimi niko aje, nikaogopa, nikasema mbuzi wa Muema. Nilidhani utalalamika kidogo, yaishe.

Ijumaa nilimwambia Mzee Muema ukweli. Nilingoja anitukane. Aliweka mtungi chini, akasema alijua tangu siku ya kwanza, kwa sababu hakuna mbuzi anayekata kwa mshazari, na tena alikiona kile kichwa dirishani kwetu kimepambwa pamba. Nikamuuliza mbona alinyamaza. Akasema hangeweza kumwambia mgonjwa kitandani kwamba binti yake ni mwongo. Nililia, Baba, sikufichi.

Ule mti umetoa vichwa viwili, na huku chini umekuwa mnene kuliko wenzake wote. Mzee Muema anasema kimoja kikatwe, lakini hajui ni kipi, na amekataa kuugusa. Anasema mwenyewe yuko. Jumapili ijayo atakuja bila mitungi. Nimemwambia nitapika chai nzito.

Nisamehe. Kunigombeza unigombeze ukiwa hapa, nitakaa nisikilize mpaka umalize.

Nisalimie Eddie na mama watoto wake. Waruguru anauliza kama fimbo yako ni ndefu kuliko yeye.

Ni mimi binti yako, mbuzi mwenyewe,
Tabby