Unga wa Lengalenga Ulioitwa Dawa

Baba Zaina, mume wangu,

Makopo ya maharage yamefika. Naanza na hilo kwa sababu ndilo unaloniuliza kila ukipata mtandao huko machimboni Salamabila: "Makopo imefika?" Yamefika yote, mawili yamebonyea njiani juu ya pikipiki. Mtoto hukumuulizia, kwa hiyo nakujibu bila kuulizwa: utepe wa kupimia mkono kule kituo cha afya bado unasoma manjano, yaani lishe haijamtosha, na Zaina anakaribia miaka miwili.

Unakumbuka mwaka tuliooana, tulipokaa Wamaza kwa mama yangu? Mvua ilikata njia, sokoni hakukuwa na kitu, tukala unga wa lengalenga wa mama, ule wa majani ya mchicha. Majani huanikwa kivulini, maana jua kali huyaharibu, kisha hutwangwa na kuchekechwa. Ulichungulia sufuria ukaniuliza kama nimepika vumbi. Nilipoutia karanga ulikula, ukalamba vidole, ukasema, "Iko mutamu, mama. Ongeza." Tulicheka mpaka mama akaja kuuliza kuna nini.

Siku hizi kwako chakula ni kile chenye picha kwenye bati. Sisemi maharage yako ni mabaya. Muuguzi alinieleza vizuri, kwa subira ambayo wewe huna: "Maharage inajenga mwili, tena inashibisha, lakini ya kopo iko na chumvi mingi, uisuuze kwanza na maji. Unga ya majani haiwezi kumushibisha mutoto, lakini iko na vitamini ya macho, tena inasaidia damu. Changanya yote mbili, mama." Ndivyo nilivyofanya. Niliyaponda maharage yako ya mzigo uliopita, nikatia kijiko cha unga wa mama, ambacho ni fungu zima la majani lililonywea, na mafuta ya mawese kidogo. Zaina alikuwa anamaliza bakuli.

Kosa langu ni neno moja. Dada yako Mwamini alinikuta jikoni na chupa ya unga huo, isiyo na karatasi ya jina, akauliza ni nini. Nikamjibu harakaharaka, "Hii iko dawa ya damu." Nilitaka kusema inaongeza damu. Yeye alisikia dawa, ile ya kuroga watu, akakupigia simu kabla sijafunika sufuria. Na wewe uliyekula unga huohuo kwa mama yangu ukamwambia aumwage. Aliumwaga chooni, mbele yangu. Mimi hukunipigia.

Nimechoka, baba Zaina. Nina hasira na wewe, na ulimi wangu nao nina hasira nao. Kama ningekuwa na dawa ya kukuvuta, si ungekuwa umerudi nyumbani zamani? Nimejaribu kuanika majani mengine, lakini mvua ya hapa Kasongo imeyaozesha mara mbili. Tangu siku ile Zaina anakula maharage matupu, na akila vijiko viwili anageuza uso. Jana walimpima tena. Mkono umepungua, manjano imebaki kidogo kuingia kwenye nyekundu, na muuguzi aliniuliza kwa nini nimeacha kumtilia unga.

Barua hii nampa mwenye pikipiki akuletee mkononi. Ukiisoma, mimi na Zaina tutakuwa Wamaza kwa mama, ambako unga upo. Maharage yako tumeyabeba, kwa sababu mtoto anayahitaji pia. Usiwaambie watu kwamba nimekukimbia. Njia unaijua, na chakula chake utakionja mwenyewe ukitaka.

Ila usichelewe. Zaina ameanza kusema. Juzi mwenye pikipiki aliposhusha mzigo wako mlangoni, mtoto alimkimbilia, akamshika mguu, akamwita baba.

Jitunze huko kwenye mashimo.

Mkeo,
Mama Zaina